Freemason wa kweli hatumi meseji

Habari inasema vijana wa Masasi wametumiwa ujumbe "jiunge Freemason upate utajiri". Huo ni utapeli mtupu. Kwa kanuni za Freemason wa Uingereza, mwombaji huanza kwa kujulikana na loji (tawi la chama hicho): mwanachama mmoja ampendekeze, wa pili amuunge mkono, ahojiwe, kisha kura ya siri ya gololi nyeupe na nyeusi. Gololi nyeusi tatu, haingii; katika baadhi ya loji hata nyeusi moja inatosha kumkataa. Ada hulipwa, ndiyo, lakini si kwa namba ya simu ya mtu usiyemjua! Wasioamini Mungu hawapokelewi (hapo wengi hushangaa). Pesa ya korosho ikiingia na meseji hizo zikija, zipelekeni 15040, namba ya kuripoti utapeli, msijibu.