Njia ya shangazi haimo kwenye ramani

Jumamosi iliyopita tulikuwa saba. Tulipanda treni asubuhi kutoka Manchester, tukashuka Edale, kijiji kidogo chini ya vilima vya Peak District, tukaanza safari ya kupanda Kinder Scout. Si mlima wa kutisha. Kilele chake kina mita 636, na kwetu Lushoto, kwenye milima ya Usambara nchini Tanzania, hata soko la mjini liko juu zaidi ya hapo. Ila upepo wake ni mkali, na juu kule ardhi ni tope jeusi la mboji linalomeza buti hadi kwenye kifundo.

Hatujatembea hata saa moja, njia ikatuingiza katikati ya ua wa mkulima. Trekta hii hapa, nguo zimeanikwa pale, mbwa anatukodolea macho. Nikasimama, nikavuta pumzi nipige hodi. Rafiki yetu Mwingereza aliyeshika ramani akasema twende tu. Akanionyesha vistari vya kijani vinavyopita katikati ya nyumba na zizi: hii ni njia ya umma, mwenye shamba haruhusiwi kuifunga. Tukapita, tukafungua geti na kulirudishia ili kondoo wasitoke. Hakuna aliyetoka kututazama.

Sikuacha kulifikiria geti lile siku nzima.

Vilima hivi havikuwa wazi hivi zamani. Juu kule palikuwa mahali pa matajiri kuwinda ndege wa jamii ya kwale, na wafanyakazi wa viwanda vya Manchester na Sheffield waliotaka kupunga hewa siku ya mapumziko walifukuzwa na walinzi. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana, wakiongozwa na Benny Rothman, walipanda Kinder Scout kwa makusudi bila ruhusa ya mtu. Walipambana na walinzi, na watano kati yao wakafungwa jela, kati ya miezi miwili na sita. Mwaka 1949 ikapitishwa sheria ya hifadhi za taifa na haki ya kufika mashambani, na mwaka 1951 Peak District ikawa hifadhi ya kwanza ya taifa nchini Uingereza. Sheria hiyo ya 1949 iliziagiza halmashauri zichore ramani rasmi ya njia zote za miguu. Wanakijiji wenyewe walishiriki kuzitembea na kuziorodhesha, moja baada ya nyingine.

Kuna kanuni nyingine ya huku ambayo ingefaa izungumzwe kwetu: kwa kawaida, watu wakiitumia njia miaka 20 mfululizo, waziwazi, bila kuomba ruhusa wala kuzuiwa, sheria inaichukulia kuwa imeshakuwa ya umma.

Miaka 20! Shangazi yangu amepita njia yake ya kwenda soko la Soni tangu hajaolewa, na sasa ana wajukuu. Inashuka mgombani, inavuka kijito, inapita katika nyua za nyumba tatu. Utotoni nilimfuata nyuma nikibeba kabichi mbili, yeye tenga la viazi kichwani, na kila ua ilikuwa hodi, shikamoo, habari za mgonjwa, mtoto amefaulu? Mwendo wa dakika arobaini tulikuwa tunautumia saa moja na nusu. Ndio ulikuwa ulinzi wa njia ile. Nani amfungie njia mtu aliyemjulia hali mama yake jana?

Siku hizi viwanja vinauzwa kwa watu wasioishi pale. Mmoja amezungushia waya wa seng'enge sehemu yake, na njia imekatika. Sina ugomvi naye. Ana karatasi zake, na kwenye karatasi hizo njia haikuandikwa popote. Lakini waya hauitikii hodi. Shangazi sasa anazunguka barabarani na mzigo wake, pikipiki zikimpita ubavuni.

Ndiyo maana sikubaliani na wenzangu wa huku wanaosema nyumbani hatuna utamaduni wa kutembea milimani. Tunatembea kuliko hawa. Wao wanatembea siku ya mapumziko, sisi tunatembea kwenda shule, sokoni, msibani, kisimani. Tofauti ni kwamba wao walinyang'anywa njia, wakapigania kurudishiwa, wakaziandika. Sisi hatukunyang'anywa kwa kishindo, kwa hiyo hatukuona haja ya kuandika. Sasa zinakwenda moja moja, kimya kimya.

Na chombo tunacho. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeiweka ardhi ya kijiji chini ya halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu, na vijiji vinaandaa mipango ya matumizi bora ya ardhi. Mpango ukiandaliwa, watu huonyesha makazi, mashamba, malisho, msitu. Naomba wazee na akina mama wa milima ya Usambara wasikubali mchoro upite bila njia za miguu kuchorwa juu yake, upana wake, zinakoanzia na zinakoishia. Waambatane na wapimaji, wazitembee kwa miguu yao. Mwaka mmoja wa kazi hiyo utatosha kwa kijiji kizima, nadhani, maana anayezijua kuliko wote ni yule anayezipita kila siku na mzigo.

Sitaki tuige kila kitu. Kule Kinder tulipishana na watu wengi, na wengi waliishia kutikisa kichwa tu. Hakuna aliyeuliza tunakotoka. Nililikosa hilo kuliko nilivyotegemea.

Jioni nilimpigia shangazi, nikampa shikamoo, nikamsimulia ua, geti na kondoo. Akanyamaza kidogo. Halafu akauliza, "Na mwenyewe hakuweka waya?"