Leseni pekee haitoshi kumwingiza daktari chumba cha upasuaji

Leseni ya Baraza la Madaktari humtambua mtu kuwa daktari, lakini haielezi kama anaweza kupasua uti wa mgongo, wala mara ya mwisho alipasua lini. Hapo ndipo hospitali inapaswa kuhakiki vyeti kwa waliovitoa, kuwauliza waliofanya naye kazi, kisha kumpa kibali cha maandishi kinachotaja kazi moja moja anazoruhusiwa.

Marekani wana utaratibu huu kwa miongo mingi, na bado Christopher Duntsch alipenya. Huyu alikuwa mpasuaji wa ubongo na uti wa mgongo eneo la Dallas, Texas. Wagonjwa walitoka mikononi mwake wakiwa vilema, wengine maiti. Hospitali moja ilimwacha ajiuzulu mwaka 2012 bila kumripoti kwenye hifadhidata ya taifa, iliyoanza kazi mwaka 1990 kwa ajili ya taarifa kama hizo. Nyingine ikampa kibali cha muda mwaka huohuo, na mgonjwa akafa. Alifungwa maisha mwaka 2017. Kanuni zilikuwapo; wakubwa wa hospitali ndio walionyamaza, na hilo linaniudhi kuliko ufundi wake mbovu.

Wanaohofia vibali nao wana hoja. Wanaoamua ni madaktari wenzake yule anayeomba kibali, mara nyingine washindani wake. Huko Astoria, Oregon, daktari Timothy Patrick alikataa ubia na kliniki ya wenzake akafungua yake. Wenzake hao wakatumia kamati ya hospitali pekee ya mji kutaka kumnyang'anya kibali. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu Kabisa ya Marekani ilimpa haki.

Kwetu hofu kubwa ni nyingine: upungufu wa watu. Tanzania, madaktari wasaidizi, wasio na shahada ya udaktari, wamewapasua wajawazito kwa miongo mingi katika hospitali za wilaya, na utafiti wa Mwanza na Kigoma uliochapishwa mwaka 2009 haukuona tofauti kubwa kati ya matokeo yao na ya madaktari wenye shahada. Kibali kinachoangalia shahada tu kingewaacha kina mama hao bila mpasuaji.

Kwa hiyo naunga mkono vibali, ila vipimwe kwa kazi ya mikono: mpasuaji mzoefu kutoka hospitali ya rufaa asimame mezani kwenye operesheni za mwanzo, na palipo na mzozo, mwamuzi atoke nje ya mkoa.