Fundi Akianguka Jukwaani, Tumuulize Nani?

Fundi wa ujenzi akianguka kutoka jukwaa la kufanyia kazi juu, swali la kwanza huwa: alivaa mkanda wa usalama, ule wa mwilini wenye kamba ya kufungwa mahali imara? Jibu likiwa hapana, uchunguzi unaishia hapo.

Wasimamizi wa saiti wana hoja yao. Mikanda imenunuliwa, na wapo mafundi wanaoiacha stoo siku nzima. Wapo wanaofungua kifungo kinacholishikilia jukwaa ukutani kwa kuwa kinawazuia kupiga lipu, au wanaochomoa ubao wa kukanyagia wakautumie kwingine. Hayo ni makosa, siyatetei.

Ila mkanda wenyewe tunaupa sifa usizostahili. Piga hesabu. Kamba yake ya kawaida ina karibu mita 1.8. Kile kipande kilichokunjwa cha kupunguza mshtuko kikivutwa chote huongeza hadi mita 1 na ushee. Toka ndoano ya mgongoni mpaka nyayo ni mita 1.5 hivi, na chini ya miguu lazima ibaki akiba ya karibu mita 1. Jumla inapita mita 5 kutoka pale ulipofunga. Sasa mchukue fundi aliye kwenye jukwaa la mita 3, amefunga kamba kwenye nguzo usawa wa kiuno. Toka hapo hadi ardhini ana mita 4 tu. Amevaa mkanda, amefunga kamba, ametii kila alichoambiwa, na bado anaweza kugonga ardhi kabla kamba haijamsimamisha kabisa. Kutoka urefu huo hata sekunde moja haiishi.

Tena aufunge wapi? Saiti nyingi humkabidhi fundi mkanda bila kumwonyesha mahali imara pa kuufunga. Naye analipwa kwa mita za ukuta alizomaliza, huku kila hatua mbili akitakiwa kufungua na kufunga upya. Ukimwita mzembe, taja pia aliyepanga malipo hayo.

Reli ya pembeni, ile inayozungushiwa jukwaa ili mtu asidondoke, haimtaki mtu akumbuke chochote. Inamkinga mzoefu na kibarua wa siku ya kwanza sawasawa, hata jioni mwili ukiwa umechoka. Ndiyo maana kinga ya wote hutangulizwa, mkanda ukafuata. Wanaofunga na kufungua jukwaa lenyewe ni suala jingine: wao mara nyingi hufanya kazi kabla reli haijawekwa, na mkanda kwao ni wa lazima.

Mkataba namba 167 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1988, unataka jukwaa salama liwekwe na litunzwe pale kazi isipoweza kufanyika salama kutoka chini, na likaguliwe na mtu mwenye ujuzi. Wajibu huo hauanzii kwa anayebeba karai. Basi kwenye ripoti ya ajali, kabla ya mstari wa mkanda, iandikwe: nani alikagua jukwaa mara ya mwisho, baada ya mvua nguzo zilikuwa zimesimama juu ya nini, na reli ya upande ule iliondolewa kwa amri ya nani.