Gari la Baba Mkwe Lilipoanza Kusema

Gari la mkwe halichezewi. Lako utalichezea utakavyo, la rafiki utalichezea mkagombana na kupatana, lakini gari jeusi la baba mzazi wa mkeo, aliloliacha uani kwako kwa sababu anasafiri na anakuamini, hilo unalitazama tu. Ukilipita karibu, unalipisha.

Shemeji yangu hana woga huo, maana yeye si mkwe wa yule mzee. Ni mwanawe wa kumzaa. Jumamosi hiyo akatokea getini amekumbatia kasha dogo, akalifungua taratibu juu ya boneti, na ndani mkalala kichupa cha mililita 50.

"Shem," akaniambia, "leo tunampa mzee zawadi. Tunalipaka seramiki."

Seramiki ya magari haina undugu na sahani wala vigae vya sakafuni. Ni kimiminika chenye kemikali za jamii ya silika, zilizochanganywa na kiyeyusho. Unapaka kwa matone, kiyeyusho kinaruka hewani, na kinachobaki kinashikamana na rangi na kukauka kuwa tabaka gumu, jembamba, mikroni moja au mbili hivi. Unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 kwa makadirio. Ukimwagia maji gari lililopakwa vizuri, hayatandi. Yanajikusanya kuwa vijitone na kukimbia. Nta ya kawaida hufutika baada ya miezi, hii inakaa miaka. Juu ya kasha neno "miaka" lilikuwa kubwa kuliko jina la dawa yenyewe. Wakati ule niliona ni sifa.

"Halafu ni 9H," akaongeza shemeji. "Ugumu wa mwisho, Shem. Hakuna zaidi."

Mke wangu alikuwa anaanika nguo. Akauliza, bila kugeuka, 9H ndiyo nini.

Shemeji akaniangalia. Mimi nilikuwa nimesoma kikaratasi kilichokuja na chupa, nikaeleza: ni kipimo cha penseli. Wanachukua penseli za ugumu tofauti, wanazisukuma juu ya tabaka lililokauka, na 9H ndiyo penseli ngumu kuliko zote kwenye orodha ile. Isipokwaruza, tabaka linapewa cheo hicho. Jiwe la barabarani halikuhusishwa. Ufunguo wa mtu mwenye kinyongo nao haukuhusishwa.

Mke wangu akabana nguo ya mwisho.

"Kwa hiyo Baba amekingwa na penseli."

Hatukusema kitu.

"Zilikuwa zinamsumbua sana?" Akachukua beseni, akaingia ndani.

Tusidanganyane: kwenye kazi ya seramiki, seramiki yenyewe ni sehemu ndogo. Kichupa ni cha saa ya mwisho. Kabla yake kuna kuosha, kisha dawa ya kuyeyusha chembe za chuma zilizonasa kwenye rangi, kisha udongo maalumu wa kunyonya uchafu usiotoka kwa sabuni, kisha mashine ya polishi ya kuondoa mikwaruzo, kisha spiriti ya kufuta mafuta yote yaliyobaki. Mantiki yake ni nyepesi. Chochote utakachokiacha kwenye rangi, kiwe uchafu au mkwaruzo, utakuwa umekifunika kwa kitu kigumu kinachopitisha mwanga na kukipa makazi ya kudumu.

Kuosha tuliosha vizuri, sina la kulaumu. Gari lilikuwa limekaa muda, vumbi limelala hadi kwenye vitasa. Kwenye buti mtoto wa mtu alikuwa ameandika kwa kidole NIOSHE, kwa herufi kubwa, na N yake imegeuka nyuma mbele. Tukacheka, tukamwaga maji, maandishi yakaenda na vumbi. Tukaja kwenye dawa ya chuma. Hiyo unaipuliza, na inapokutana na vumbi la breki kwenye rimu inageuka zambarau na kuchuruzika. Inapendeza machoni. Puani ni yai viza. Mke wangu akafungua dirisha la jikoni, akatutazama mmoja mmoja, akauliza: "Ni nani kati yenu?" Tukamwonyesha rimu. Hakuamini. Akafunga dirisha.

Tukafika kwenye polishi, na mashine hatuna.

"Ya nini?" shemeji akasema. "Seramiki inajaza mikwaruzo yenyewe."

Nikamwambia kwamba kitu chenye unene wa mikroni mbili kina uwezo mdogo sana wa kujaza shimo, na kwamba kwenye gari jeusi mng'ao ukizidi ndipo mkwaruzo unaposoma vizuri zaidi. Akaniwekea mkono begani. "Shem. Mimi nimeangalia video."

Hoja hiyo haijawahi kupata mpinzani. Nikashika tochi.

Tulianzia kwenye paa, na nitasema ukweli, paa lilitoka safi. Unadondosha matone machache kwenye kisponji kilichofungwa kitambaa laini, unapaka eneo la sentimita 60 kwa 60, mara moja kwa urefu, mara moja kwa upana. Halafu unasubiri. Dakika moja, mbili, kutegemea joto, na pale juu panatokea rangi za upinde wa mvua. Hiyo ndiyo saa ya kufuta kwa kitambaa cha maikrofaiba, kisha unarudia kwa kitambaa kingine kisafi. Ukiwahi, unaiondoa dawa. Ukichelewa, inakuganda mkononi. Milango nayo ikaenda vizuri. Shemeji akaanza kuimba. Kioo cha mbele hakikutajwa popote kwenye kikaratasi, ila yeye akakipaka pia, tena kwa ukarimu, akisema dawa isibaki.

Wakati anaimba, kivuli cha nyumba kilikuwa kinahama. Tulipofika kwenye boneti, nusu yake ilikuwa juani, na bati jeusi lililo juani halisubiri dakika mbili. Nikamwambia. Akasema tutafanya haraka, akapaka boneti nzima kwa mpigo mmoja, badala ya kile kipande cha sentimita 60. Kikaratasi kilikuwa kimekataza hayo mawili kwa herufi nzito.

Na hapo simu yake ikaita. Tukachungulia kioo cha simu. BABA.

Simu ya baba haiachwi ilie. Shemeji akaipokea na glavu zake zilezile, kioo kikapata seramiki.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba. Hamjambo?"

"Hatujambo, Baba."

"Habari za hapo nyumbani?"

"Nzuri, Baba."

Upinde wa mvua ukatokea kwenye boneti. Mzuri, mpana, kutoka taa hadi taa. Shemeji akanikodolea macho: futa! Nikachukua kitambaa kilichokuwa karibu, ambacho kilikuwa kimefuta paa na milango yote, nikakuta kimeshakauka na dawa yake. Nilikishika ncha moja, kikasimama wima. Kufutia kile ilikuwa ni kupiga msasa. Nikakimbilia kingine.

"Dada yako hajambo?"

"Hajambo, Baba."

"Na wajukuu zangu?"

"Wote wazima, Baba."

"Wanasoma?"

"Wanasoma, Baba."

Upinde wa mvua ukaanza kufifia upande wa jua. Nikapata kitambaa kisafi, nikakigusisha kwenye boneti, kikasogea inchi mbili kikakwama.

"Mkwe wangu yupo hapo? Hebu nipe nimsalimu."

Shemeji akanipa simu. Salamu za mkwe haziendelei pale za mwana zilipoishia. Zinaanza upya kutoka shikamoo, nami ilinibidi niache kitambaa, nivue kofia, nisimame vizuri, ingawa alikuwa hanioni. Akauliza kuhusu kazi. Akauliza kuhusu wazazi wangu, mmoja mmoja. Mbele yangu shemeji anasukuma kitambaa kwa mikono miwili na goti, hakiendi. Mzee akaniuliza kama gari halijambo.

"Halijambo, Baba. Linang'aa."

"Vizuri. Nimebadilisha safari. Nitakuja kulichukua kesho mchana."

Nilitaka kumrudishia shemeji simu, ikachomoka vidoleni. Simu iliyopakwa seramiki haishikiki. Ikatua kwenye ndoo. Tuliipata, ilikuwa nzima, maji yamejikusanya kuwa vijitone na kukimbia kutoka kwenye kioo chake. Ndicho kitu pekee siku ile kilichofanya kazi kulingana na maelezo.

Boneti ilikuwa imekauka na michirizi yake. Kwenye gari jeusi yanakuwa mabaka ya kijivu yenye mafuta, yenye kingo. Lilifanana na mtoto aliyejipaka mafuta mwenyewe: shavu moja linametameta, paji la uso kavu, na kidevuni donge. Ukiwahi ndani ya muda mfupi, dawa yake ni dawa yenyewe: unapaka tone bichi juu ya baka, linalainika, unafuta. Tukageuza kichupa juu chini. Tone la mwisho lilikuwa kwenye kioo cha mbele. Baada ya hapo hakuna kinachoondoa mabaka yale ila mashine ya polishi, ileile ambayo haikuhitajika.

"Kwa mbali hayaonekani," shemeji akasema, na kusema kweli alikuwa amesimama mbali.

Tukalisukuma gari chini ya kibanda, kwa sababu saa 24 za kwanza halitakiwi kuguswa na tone la maji, na kwa siku 7 halitakiwi kuoshwa kwa sabuni. Shemeji akalala kwetu, akiamka kila akisikia upepo.

Asubuhi nilitoka mapema. Jua lilikuwa chini, linaingia kibandani kwa ubavu, linagonga buti sawasawa. Buti ilikuwa imependeza. Nyeusi, yenye kina, unajiona hadi vifungo vya shati. Na katikati ya kina hicho, kwa mistari myembamba ya fedha, N yake ikiwa imegeuka nyuma mbele, palikuwa na neno.

NIOSHE.

Vumbi lina chembe za mchanga. Mtoto alipoandika kwa kidole, alikuwa anakwaruza rangi bila kujua. Maji yaliondoa vumbi, mikwaruzo ikabaki, na sisi tukaja tukaisafisha kwa sabuni, tukaifuta kwa spiriti, kisha tukaitia chini ya tabaka la ugumu wa 9H, lenye kinga dhidi ya jua, mvua na kinyesi cha ndege. Kabla yetu ungehitaji bahati kuiona. Baada yetu unaisoma ukiwa getini.

Nikamwamsha shemeji. Akatazama muda mrefu, akainamisha kichwa huku na huku.

"Ukisimama hapa haisomeki," akasema.

"Hapo ni nyuma ya ukuta, Shem."

Tukaligeuza gari, buti ikaelekea ukutani, umbali wa kiganja. Mabaka ya boneti tukayaacha yatazame dunia. Kati ya mawili, heri mabaka. Hayana herufi.

Baba mkwe akaja mchana. Shikamoo, marahaba, karibu, ahsante. Hakuliendea gari moja kwa moja; alikaa, akanywa maji, akauliza tena kuhusu wazazi wangu. Kisha akainuka. Akaizunguka boneti kwa utaratibu wa daktari. Akagusa baka moja kwa ncha ya kidole.

"Hapa kumemwagika nini?"

"Ni seramiki, Baba," shemeji akasema. "Zawadi yetu kwako."

Mzee akasema ahsante. Hakukejeli, ni mtu mstaarabu. Akaingia, akawasha gari, akajaribu waipa. Dawa ya mwili wa gari ikiwekwa kwenye kioo cha mbele, mpira wa waipa hauteleziki sawasawa, unakwama na kuruka. Waipa zikavuka kioo kwa kurukaruka, zikilia kila ruko, zikafika ng'ambo, zikarudi zikilia. Mzee akazitazama hadi zikanyamaza zenyewe.

"Hiyo pia ni zawadi?"

"Ndiyo, Baba."

Akalisogeza gari mbele, akashuka, akaenda nyuma kufungua buti aweke begi lake. Mimi na shemeji tukabaki tumesimama. Tukasikia hatua zake zinakoma. Tukasikia kibweta cha miwani kinafunguka.

"Ni," akasoma. "O. She."

Kimya.

"Mkwe."

"Naam, Baba."

"Gari linakuomba."

Nikamtazama shemeji. Ni mwanawe, mwache aseme yeye. Akakohoa. "Haliwezi kuoshwa, Baba. Seramiki haijakomaa. Mpaka zipite siku 7."

Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akalisoma neno kwa mara ya pili, safari hii bila kukata silabi.

"Na haya maandishi yatakaa muda gani?"

Shemeji akajibu kwa sauti ndogo kwamba kasha linasema miaka 3, ikitunzwa vizuri 5.

Baba mkwe akafikiri. "Basi ongezeni hapo chini, 'Baada ya siku 7', watu wasije wakaniona mchafu."

Mke wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote huo, akaingia ndani kutafuta penseli.