Watoto Wanne, Mizani Nne, Mwenye Akili Hajulikani

Jamani naombeni mnisaidie jambo moja tu, katika watoto wangu wanne yupi ndo mwenye akili? Siulizi kwa ubaya. Wote nimewasomesha, nimelipa ada enzi za ada na nimelipa michango enzi za elimu bure, na mpaka leo siwezi kuwapanga kwa matokeo yao ya kidato cha nne hapa Tanzania, maana kila mmoja kapimwa na mizani yake, na kila mizani ilipobadilishwa tuliambiwa hii ndo yenyewe sasa, ile ya mwanzo ilikuwa na kasoro.

Sisi wa zamani mambo yetu yalikuwa mepesi. Divisheni, yaani madaraja ya ufaulu, zilikuwa wani, tuu, thrii, foo, ziro. Basi. Unaenda shule unakuta karatasi imebandikwa ukutani, unashuka na kidole mpaka kwenye namba yako, ukinyanyua kichwa ushajijua wewe ni nani hapa duniani. Mi nilipata foo ya pointi 28 na nikatembea nayo kifua mbele mtaa mzima. Hesabu yake ilikuwa A ni pointi moja, F ni tano, wanachukua masomo saba uliyofanya vizuri wanajumlisha, ukipata 7 wewe ni jini, ukipata 35 basi ulienda kule kusindikiza wenzio. Bibi yangu hakuwahi kukaa kwenye dawati hata la kukopa ila hiyo hesabu alikuwa anaielewa kuliko mwalimu wa taaluma.

Sasa nikaja kuzaa.

Mkubwa kafanya mtihani 2012. Wenye kumbukumbu hapo mshaguna. Matokeo yakatoka Februari 2013, waziri akiwa Dokta Kawambwa, nchi nzima ikashika kichwa, zaidi ya nusu ya watoto wana ziro, yaani ukimkuta mtu mtaani analia huulizi nani kafa, unauliza wa kwako alikuwa shule gani. Wa kwangu alikuwa na ziro ya pointi 34. Mama yake alizima simu ili ndugu wasipige. Mi nikaona isiwe tabu, nikamchukua nikampeleka gereji kwa jamaa yangu akajifunze kazi, huku Waziri Mkuu Pinda kaunda tume kuchunguza kulikoni, na sisi tunafuatilia tume utadhani mechi ya watani. Mwezi wa tano hiyo serikali ikasema matokeo yanafutwa, yanapangwa upya kwa utaratibu wa mwaka wa nyuma yake, kwa sababu ule waliotumia ulikuwa mpya na ulikosewa kuwekwa. Yakapangwa upya. Wengi tu wakabaki na ziro zao ila kijana wangu akawa na foo ya pointi 33.

Mniangalie vizuri hapo. Mtoto hajaandika hata nukta. Alikuwa chini ya uvungu wa gari anafungua sampo, anatiririka oili, tukamfuata tukamwambia toka huko umefaulu. Akatoka. Akaniuliza mzee nimefaulu nini? Sikuwa na jibu na mpaka leo sina, lakini ukimgusa kwenye hiyo mada anakwambia yeye hana ziro, yeye ana cheti, na anacho kweli kipo kwenye faili.

Nikajua yameisha. Kumbe mwezi wa kumi mwaka huo huo wizara ikaja na madaraja mapya, kukawa na B kavu na B plasi, E nayo ikazaliwa, halafu wakatangaza eti ziro inaondoka, aliyefeli ataitwa divisheni faivu. Bungeni kelele, redioni kelele, kijiweni ndo usiseme, jirani yangu mmoja akawa anamfokea mwanae "we endelea kucheza tu uje uniletee faivu humu ndani" na mtoto anafurahi, maana masikioni faivu ni nyingi kuliko wani. Nadhani aliyeibuni hakuwahi kuwa na deni dukani, angejua kwamba mwenye duka hata ulibatize vipi deni lake, siku ya siku anataka hela.

Akaja wa pili, binti, kidato cha nne 2014. Huyu ndo wamenimaliza nae kabisa. Divisheni zimefutwa, inakuja GPA, yaani wastani wa pointi, kama chuo kikuu, na makundi yake ni Distinction, Merit, Credit, Pass na Fail. Na mtihani wenyewe ni Kiingereza, wakati ndani ya nyumba yangu Kiingereza kinasikika pale umeme ukirudi tu, watoto wanapiga "yesss" kwa pamoja kisha kimeisha hicho mpaka ukatike tena. Binti akapiga simu, baba nimepata Merit, GPA yangu 2.9. Shemeji yangu alikuwa amekaa pale pale, akaruka juu. Anasema wani bora nchi hii ni pointi saba, huyu ana mbili nukta tisa, huyu kapita chini ya saba, huyu tumpeleke Marekani! Akatoka kwenda kuwaambia watu. Karudi jioni amenuna, wamemweleza kijiweni kwamba siku hizi kubwa ndo nzuri na ndogo ndo mbaya, kilele ni 5, yaani wameigeuza kichwa chini miguu juu bila hata kugonga hodi. Akakaa kimya muda mrefu halafu akaniuliza, kwa hiyo huyu kafaulu au tumpe pole? Nikamwambia shemeji kunywa chai.

Na huyo GPA mwenyewe hakukaa. Januari 2016 waziri mpya aliyeingia Desemba, Profesa Ndalichako, na kama mna kumbukumbu ndiye aliyekuwa anaongoza Baraza la Mitihani kipindi kile cha ziro za mkubwa wangu, akasema hii GPA hata aliyeileta hawezi kueleza imeletwa kwa nini, rudisheni divisheni. Zikarudi. Waliofanya 2015 wakapata divisheni zao safi. Kwa kidato cha nne GPA ilikula mwaka wa binti yangu ikalala. Sasa yeye kila akienda kuomba kazi anafika dirishani, anatoa cheti, yule wa masijala anakigeuza mbele anakigeuza nyuma, "dada hii Merit ni kama tuu au ni kama thrii?" Mwanangu anaanza kufundisha. Kaenda kutafuta kazi anaishia kutoa semina, na hailipwi.

Njooni sasa kwa wa tatu, huyu kamaliza 2023, divisheni zipo lakini maksi zimehama nyumba. Siku moja wamekaa mezani yeye na dada yake wanabishana nani kipanga, wakatoa mpaka makaratasi ya mazoezi ya shule waliyotunza, ikaja Baiolojia, dada ana 41, mdogo ana 41. Sare hiyo. Ila enzi za dada 40 ilikuwa inaanza C, na enzi za mdogo C inaanza 45, chini ya hapo mpaka 30 ni D. Kwa hiyo dada ana C, mdogo ana D, kwa maksi ile ile, somo lile lile, na nina hakika mwalimu alikuwa yule yule maana nae hajahamishwa tangu tumfahamu. Mdogo mtu akawa mkali, anataka nyongeza ya nyama kama fidia. Mi ningewaamulia vipi? Nikala ile nyama mwenyewe.

Na huyu wa tatu ana divisheni tuu, tena tuu ya kueleweka, pointi 20. Lakini Hesabu ana F. Ndiyo, F, ile iliyonyooka. Nikauliza imekuwaje, akanijibu kwa upole kama daktari, baba wanachukua masomo saba bora, Hesabu haikuitwa kikosini. Haikuitwa! Nchi nzima iko hivyo, Hesabu miaka nenda rudi wengi wanaangukia pua na maisha yanaendelea, unapata tuu yako, unapongezwa, unakatiwa keki, halafu unamtuma huyo huyo wa tuu dukani na elfu kumi, anarudi na chenji ameifunga kwenye ngumi, ukimuuliza imebaki ngapi anakufungulia ngumi uhesabu mwenyewe.

Baada ya hapo likaja suala la tahasusi, yale masomo matatu ya kwenda nayo kidato cha tano, zamani tulikuwa tunaita kombi. Kombi nazijua. PCM ya Fizikia, Kemia na Hesabu, PCB ya Fizikia, Kemia na Baiolojia, CBG, HGL, HKL, EGM, ukimaliza vidole vya mikono miwili umezimaliza karibu zote. Zilikuwa 16. Machi 2024 tukatangaziwa zimeongezwa 49, jumla 65, na watoto waingie kwenye mfumo wabadilishe Selform zao, zile fomu za kuchagua kombi, kabla dirisha halijafungwa. Sitini na tano! Kuna za lugha humo mpaka Kichina, kuna za muziki, za michezo, za dini, za kompyuta, vifupisho vingine ukivisoma kwa sauti mbwa anabweka. Mama watoto anataka PCB kwa sababu anataka daktari, mtoto anataka kitu chenye muziki ndani yake, mi nataka iliyopo shule ya karibu maana nauli nalipa mimi. Na hapo ndo swali langu ambalo hakuna mtu amewahi kunijibu, mwalimu wa hizo 49 yuko wapi? Shule aliyotoka huyu mtoto walikaa muhula mzima hawana mwalimu wa Fizikia, wakawa wanasomeshwa na kijana wa kujitolea, nae akapata ajira ya sensa akaondoka. Somo la zamani halina mtu, mmeongeza yasiyokuwa na kitabu. Mwisho akachaguliwa HGK, Historia, Jiografia na Kiswahili, kama baba zake wakubwa wote, kelele zote zile.

Halafu mtu asinidanganye kwamba shule binafsi ndo salama. Zamani Baraza lilikuwa linatangaza shule kumi bora na watahiniwa kumi bora, tunakaa tunasikiliza majina tunajifanya tuna undugu nao. Januari 2023 wakaacha, wakasema hakuna tija kuwatangaza, ni kama kuzifanyia shule promosheni. Haya, na mi kwenye hilo niliwaunga mkono. Shule zikafanyaje? Zikajitangaza zenyewe! Nenda kwenye raundi abauti yoyote mwezi wa pili, bango kama la mgombea, picha za watoto na wani zao, chini wameandika thrii sifuri, foo sifuri, ziro sifuri. Wasichoandika kwenye bango ni wale waliochujwa. Mtoto wa rafiki yangu alifika kidato cha pili, wastani wake haukufika pale shule ilipopaweka, wakamuita mzazi wakamwambia arudie darasa au wamtafutie shule nyingine "itakayomfaa". Ada alikuwa ashalipa. Wastani wa shule ukapanda kwa kumtoa yeye tu, na mwalimu mkuu akapigwa picha ameshika tuzo. Na mimi nikitoa watoto wawili pale nyumbani kwangu naweza kupata tuzo.

Kabaki kitinda mimba. Huyu mtaala umebadilika tena, safari hii siyo maksi tu, ni jengo zima. Darasa la saba lenyewe linaondoka, msingi utakuwa miaka sita, kuna somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili, kuna Biashara, na sekondari zimekuwa na mikondo miwili, wa jumla na wa amali, yaani wa ufundi. Yeye kaenda amali, umeme. Shangazi zake wakaja wamevaa sura za msibani, jamani kwani alifeli? Wanadhani amali ni kapu la waliobaki. Mi nimewaambia wazi kwamba kwenye mabadiliko yote tangu ziro za 2013 hili ndo pekee nimelielewa bila kuhitaji semina, kwa sababu fundi aliyekuja kunibadilishia soketi moja sebuleni alinichomoa elfu ishirini, akaenda na chenji, akaniacha na soketi inayotoa cheche. Wenye PCM ukoo wangu mzima hakuna aliyethubutu kuigusa. Mtoto yuko muhula wa kwanza kaifungua, kaniita, kanionesha waya uliolegea umeungua umekuwa mweusi, kakata, kamenya, kaukaza, kafunga. Haijalia tena.

Shida ni kwamba nae ana mitihani yake inakuja na mi nishazoea kuumwa mapema. Juzi kaleta karatasi ya vifaa, bisibisi, tesita, plaizi, nyaya za rangi tatu, ovaroli. Nikaisoma mpaka chini natafuta wapi wameandika. Nikamwambia baba, kabla sijatoa hata mia, niambie kitu kimoja, nyie mkimaliza mtapewa divisheni, au GPA inarudi, au kuna kingine wanakipika kule wizarani nijiandae kisaikolojia?

Akaniangalia, akasema baba, we nunua plaizi.