The National na ngoma za mashine: nani anashika mapigo?

Bendi ya roki ikianza kutumia sintesaiza (kinanda kinachounda sauti kwa umeme), ubishi huwa ni wa gitaa: limepunguzwa, limefichwa, limesalitiwa. Kwa The National ubishi huo umekosea mlango. Bendi hii ya watu wa Cincinnati iliyoanzia Brooklyn mwaka 1999 haijawahi kuongozwa na gitaa. Nguzo zake ni sauti nzito ya Matt Berninger na mikono ya mpiga dramu Bryan Devendorf. Katika "Fake Empire" ya 2007, piano inapiga mapigo manne juu ya matatu kwa wakati mmoja, na wimbo unasimama kwa miguu yake dramu zinapoingia. Basi Sleep Well Beast, albamu ya Septemba 2017 iliyojaa mapigo ya mashine, ipimwe kwa yale iliyowafanyia hao wawili.

Kwa mwimbaji, wanaoisifu wana hoja nzito. Noti za baritoni, sauti nzito ya kiume, zina msingi wa takriban hezi (mitetemo kwa sekunde) 100 hadi 400, na humo humo hujibana magitaa mawili yenye mkwaruzo, piano na sehemu ya juu ya besi. Fundi anayechanganya sauti hukata gitaa chini ya hezi 150 au 200, hulisukuma kushoto na kulia, au humpandisha mwimbaji mpaka bendi isikike kana kwamba iko chumba cha pili. Anayeimba kwa kunong'ona, kama Berninger, ndiye huzama kwanza. Sintesaiza hunyooshwa kirahisi zaidi: mlio mmoja unawekwa chini ya hezi 80, mwingine juu ya 3,000, katikati pakaachwa wazi. "Guilty Party", wimbo wa Sleep Well Beast, umepumua kwa namna hiyo. Nyimbo nzito za albamu yao ya High Violet (2010) zilimfunika Berninger kwa ukungu, ingawa ukungu ule ulikuwa na utamu wake.

Ila dawa hiyo ina sumu yake. Uzi wa gitaa ukipigwa hufifia wenyewe, na neno linapata upenyo. Kodi ya sintesaiza, yaani noti kadhaa zilizobonyezwa pamoja, ikishikiliwa haififii. Ikiachwa kati ya hezi 200 na 500 kwa mistari minane, inamziba mwimbaji kuliko gitaa lolote. Anayedhani kubadili kifaa kunatosha, bila kupunguza noti, huishia kwenye tope lile lile.

Kwa mpiga dramu mambo ni magumu zaidi. Kwa kasi ya mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 500 na robo yake ni 125. Mashine haitoki hapo. Binadamu huchelewesha sneya (ngoma ya mlio mkali) milisekunde 10 au 15, na uzito wa wimbo mara nyingi umo ndani ya kuchelewa huko. Mashine na mtu wakigonga mahali pamoja, tofauti ikifika milisekunde 30, sikio linasikia kugongana. Suluhisho la kivivu ni kusogeza rekodi ya dramu kwenye kompyuta mpaka ilingane na mashine. Uhai wote unaondoka. Suluhisho bora ni kugawana kazi: mashine ichukue vigongo vidogo vya juu, mtu ashike tomu (ngoma za mlio wa chini) na sneya, tena agonge pale mashine iliponyamaza. Katika "I'll Still Destroy You" ya albamu hiyo vidoido vya kielektroniki vinatangulia, kisha Devendorf anavunja uzio mwishoni. Mfululizo wa mashine unageuka ukuta wa yeye kuuparamia, na sijui hoja bora kuliko hiyo ya kuutetea mwelekeo wote huu.

Wapinzani wana hoja yao yenye nguvu jukwaani. Sauti zilizorekodiwa kabla hudai mpiga dramu asikilize metronomu (mlio unaohesabu mapigo) masikioni, na urefu wa kila ubeti umeshapangwa. Berninger ni mwimbaji wa kushuka kwa mashabiki na kipaza sauti chake, waya ukimfuata. Atakayekawia huko hasubiriwi na kompyuta. Kinachosaidia ni kuweka sehemu zinazojirudia mpaka mtu azifungue kwa kanyagio. Nako kuna mtego: kompyuta ikikusanya kwanza sampuli (vipande vidogo vya sauti) 1,024, kwa kiwango cha 44,100 kwa sekunde, huchelewesha sauti milisekunde 23, mpigaji akahisi anavutwa nyuma. Ukishusha hadi 256 unapata karibu 6, lakini kompyuta iliyoelemewa huanza kukwaruza.

Wengine huwalinganisha na bendi ya Radiohead katika albamu ya Kid A (2000), ambako wimbo wa "Idioteque" ulijengwa juu ya kipande cha muziki wa kompyuta wa Paul Lansky cha 1973. Pale umbo la wimbo lenyewe lilibadilika; The National walibaki na ubeti na kiitikio chao. Hiyo pekee si kasoro. Kasoro iko pale unapozima sauti za mashine katika rekodi na hakuna kinachopungua: hapo ni mapambo. "Guilty Party" ingeanguka ukifanya hivyo, ila si kila wimbo wa albamu ungeyumba. Tuzo ya Grammy ya 2018 ya albamu bora ya muziki mbadala haijibu lolote katika hili. Na "Turtleneck", wimbo wa magitaa matupu na kelele, umekaa katikati ya albamu hiyo hiyo kama mgeni aliyekosea nyumba, ingawa nyumba ilikuwa yake.