Tilapia wa katoni hana kosa

Kusi ikikaza, vidau havitoki, changu na tafi hupanda bei, na mama lishe wa Kongowea, Mombasa, hugeukia katoni ya tilapia wa Uchina. Mwaka 2018 kelele kwamba samaki huyo anaua soko la samaki wa Kenya zilifika hadi Ikulu. Lakini asili yake ni huku huku Afrika: ni tilapia wa Mto Nile, aliyepelekwa Uchina 1978 na kufugwa hadi nchi hiyo ikaongoza duniani kwa tilapia.

Wanaotetea kuhamisha samaki wana ushahidi sahanini. Sangara aliyetiwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 alileta viwanda vya minofu, ingawa aliwamaliza furu wengi, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo. Ziwani Naivasha nako, bila samaki wageni hakungekuwa na uvuvi wa kutajika.

Hata hivyo tunagombana na samaki asiyestahili. Wa katoni amekwisha kufa, hawezi kuharibu mto. Wa kuangaliwa ni kifaranga, yaani samaki mchanga wa kufugwa, aliye hai. Tangu mradi wa serikali wa 2009 wa kuchimba mabwawa, tilapia wa Nile ndiye anayefugwa karibu kila mahali nchini. Masika bwawa likifurika, anaingia mtoni, na mito yetu ya Sabaki na Tana ina tilapia wake wa asili, Oreochromis spilurus.

“Si tilapia ni tilapia tu?” Hapo ndipo tatizo linapojificha. Hawa wawili, wa Nile na spilurus, huzaana wao kwa wao. Wavu unaendelea kujaa, mvuvi halalamiki, huku samaki wa kienyeji akiyeyuka ndani ya machotara. Wafugaji hujibu kwamba vifaranga hugeuzwa madume watupu. Sawa, lakini dume aliyetoroka ndiye hasa atakayemtafuta jike wa mtoni! Ngege, tilapia wa asili wa Ziwa Victoria, amekwisha karibu kabisa ziwani. Masalia yake yako kwenye viziwa vya kando kama Kanyaboli.

Na hasara hii ni ya mfugaji mwenyewe. Mwaka 1988, watafiti walipoanza kutengeneza Ufilipino tilapia anayekua haraka, mbegu zilizokuwa zikifugwa Asia hazikuwatosha. Walikuja kuchukua samaki pori Misri, Ghana, Senegal na hapa Kenya. Huyu spilurus naye anastahimili chumvi: Kuwait na Saudia wamemfuga katika maji ya bahari. Kwa pwani ambayo visima vyake vingi vina chumvi, kumpoteza kwa uzembe ni ajabu.

Ni kweli spilurus hukua polepole, na mfugaji wa Malindi au Kilifi ana haki ya kuuliza nani atamlipia chakula cha miezi ya ziada. Sidhani mzigo huo ni wake. Kaunti zinazohimiza mabwawa kando ya Sabaki ndizo zigharimie kituo cha kuzalisha vifaranga vya spilurus, na ziviuze kwa bei iliyo chini ya ile ya tilapia wa Nile.